Sheria na informatiki pamoja hapa Lubumbashi: inawezekana kweli?

Mtoto_wa_Ruashi
Yambo wakubwa. Nimepata diploma ya Serikali (ya kumaliza sekondari), opsyo math-fizike, na nimevutwa na vitu viwili: sheria na informatiki. Naweza kujiandikisha fakulte mbili mwaka mmoja, asubuhi sheria, jioni informatiki? Kama haiwezekani, nianze na ipi, na ile nyingine niipate kwa njia gani? Tafadhali msiniambie «jikaze tu, Mungu atasaidia». Nataka hesabu.

Mwanasheria_Katuba
Mdogo, hesabu ni hii. Katika mfumo wa LMD (lisansi, metrizi, doktora) muhula una kredi 30, na kredi moja ni kama saa 25 za kazi: darasani, TP (mazoezi ya vitendo), na ile unayofanya peke yako. 30 mara 25 ni saa 750. Gawanya kwa wiki 15, unapata saa 50 kila wiki kwa fakulte moja. Mbili ni saa 100, na wiki nzima ina saa 168 tu. Toa usingizi, toa safari za basi la kwenda chuoni Kasapa, uone kama unabaki muda wa kusonga bukari (ugali).

Halafu kuna kanuni. Kujiandikisha mara mbili mwaka mmoja kwa kawaida hakukubaliwi. Wanaojificha, chuo kimoja cha serikali na kingine cha binafsi, hukwama kwenye mitihani: sesyo za mitihani zinaangukia siku zilezile na hakuna atakayekusogezea tarehe. Nenda apparitora (ofisi ya uandikishaji) ukaulize kabla ya kulipa minervali (ada ya chuo), maana pesa ikishaingia benki kuirudisha ni kesi nyingine.

Kwa maoni yangu, diploma iwe ya sheria. Informatiki haina mlinzi mlangoni: programu ikifanya kazi, hakuna anayekuuliza cheti. Baro, chama cha mawakili, inauliza. Ila angalia mtego huu: ordonnance-loi 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, inayopanga baro, iliandikwa wakati lisansi ilikuwa miaka 5, yaani 3 ya gradua na 2 juu yake. Lisansi ya leo ni miaka 3, kredi 180. Metrizi inaongeza 120. Kwa hiyo panga miaka 5, kisha staji (mazoezi ya kazi ya uwakili) ya miaka 2. Usiwaahidi wazazi toga (joho la wakili) baada ya miaka 3.

Kompilata
Hapo kwa diploma sikubaliani na mkubwa. Kijana ametoka math-fizike. Akikaa miaka 5 bila kugusa hesabu, probabiliti na algoritimu hatazirudia peke yake usiku. Kodi ya madini (yaani kitabu cha sheria za madini, si ushuru) au sheria ya kazi mtu anaweza kuisoma akiwa na miaka 35 na kuielewa. Mimi ningeanza informatiki, sheria baadaye.

Lakini kama umeshaamua sheria, fuata mpangilio huu. Kwanza SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, si Python, lugha ya kuandika programu. Tumia SQLite: hifadhidata nzima ni faili moja, haitaki seva, haitaki mega za intaneti, na SNEL ikikata umeme betri inakufikisha. Tengeneza rejista ya mikataba: wahusika, tarehe ya kusaini, tarehe ya kuisha, kisha iulize ni mikataba gani inaisha ndani ya siku 60. Wengi huharibu kwenye tarehe. Wanaandika 12/03/2023 kama maneno, kompyuta inapanga kwa tarakimu ya kwanza, na mkataba wa 2021 unatokea chini ya ule wa 2024. Andika 2023-03-12 kila mahali na tatizo limekwisha. Rejista hiyo ikishasimama, ndipo uchukue Python, na upakue nyaraka zake zote siku moja yenye wifi.

Video za YouTube bila kuandika programu mwenyewe ni sinema tu.

Carré_Minier
Mnabishana diploma, hamjamwambia kazi iko wapi. Katanga masomo hayo mawili yanakutana kwenye ramani. Haki za madini zinahesabiwa kwa karé: kila moja ina sekunde 30 (za digrii kwenye ramani, si za saa) kila upande, karibu hekta 85, na anayeweka ombi kwanza ndiye anayetangulia. Kesi nyingi za kupandiana mipaka zinataka mtu anayesoma kodi ya madini ya 2002 pamoja na marekebisho yake ya 2018, na papo hapo anafungua QGIS, programu ya ramani.

Kosa la kila siku: 27°30'15" mtu anaiandika 27,3015. Sivyo. Gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600: 27,504167. Tofauti inaonekana ndogo, lakini huku kwetu ni karibu kilomita 22, umeshaingia kwenye eneo la kampuni nyingine. Mwanasheria asiyejua hivyo ataitetea ramani mbovu mpaka mwisho, na kwa Kifaransa kizuri.

Pili, ushahidi. Kodi ya numeriki, yaani sheria ya mambo ya kidijitali (ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023), inalipatia andiko la kielektroniki nguvu, mradi aliyeliandika ajulikane na lihifadhiwe bila kubadilika. Picha ya skrini ya WhatsApp peke yake ni dhaifu, yeyote anaweza kuitengeneza. Hifadhi simu yenyewe, toa mazungumzo yote kama faili, piga hesabu ya SHA-256 (alama ya faili inayobadilika faili likiguswa), na andika zile herufi na tarakimu 64 kwenye prose-verbali (ripoti rasmi) siku hiyohiyo. Fanya uchunguzi kwenye nakala, kamwe usiguse asili. Na picha ya ushahidi itumwe kama dokumenti: ukiituma kama picha ya kawaida WhatsApp inaibana na kufuta data za ndani, kwa hiyo SHA-256 haitalingana tena na mpinzani wako atacheka.

Mtoto_wa_Ruashi
Asanteni sana wakubwa. Nimeelewa: fakulte moja. Kompyuta ya RAM ya GB 4 inatosha?

Kompilata
SQLite na Python, ndiyo. QGIS pia, kama ramani ni ndogo na umefunga kivinjari. Ukipata pesa kidogo usinunue kompyuta mpya: toa diski ya zamani uweke SSD, utaona tofauti siku hiyohiyo. Kabla ya hapo angalia betri. Ikishikilia chini ya saa mbili, anza na hiyo.

Mwanasheria_Katuba
Na jina kwenye diploma ya Serikali lilingane na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Hilo sahihisha sasa, kabla dosye haijaingia apparitora.