Baba aligonga kichwa wiki tano zilizopita, sasa anaburuta mguu: naombeni ushauri

Mleta uzi: Ndugu zangu, baba yangu ana miaka 76, na wiki tano zilizopita alijigonga paji la uso kwenye mlango. Hakuzimia wala hakutapika, na picha ya CT aliyopigwa siku hiyohiyo haikuonyesha tatizo lolote. Tangu wiki iliyopita kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, na jana nilimwona akitembea huku kandambili ya mguu wa kushoto ikimvuka bila yeye kutambua. Anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo. Ndugu wanasema ni uzee tu. Je, pigo dogo la siku nyingi linaweza kuleta haya?

Muuguzi Mstaafu: Linaweza, na nakusihi usingoje kesho. Kadiri umri unavyosonga ubongo husinyaa, na vena ndogo zinazouunganisha na utando mgumu wa nje hubaki zimevutika, hivyo hata pigo dogo huweza kuzichana. Damu huvuja polepole mno, ndiyo maana picha ya siku ya kwanza huweza kuwa safi na dalili zikajitokeza wiki tatu baadaye au zaidi; warfarini huongeza hatari hiyo. Mpeleke leo kwenye hospitali yenye CT, na neno lako la kwanza kwa daktari liwe lile pigo pamoja na dawa hiyo, kwa sababu bila maelezo hayo hali hii hudhaniwa kuwa kiharusi au usahaulifu wa wazee. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako. Akipata degedege au akiwa haamshiki, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Binti wa Mwisho: Pole sana. Mama yangu alitobolewa matundu mawili madogo kwenye fuvu, ikatoka damu nyepesi, nyeusi kama mafuta machafu ya gari, kisha akawekewa mrija kwa siku mbili. Siku ya tatu alifunga mwenyewe vifungo vya blauzi, kazi iliyokuwa imemshinda. Msikose kliniki baada ya hapo, kwani damu huweza kujikusanya tena.

Mleta uzi: Asanteni. Tuko hospitali, picha ya leo imeonyesha damu upande wa kulia. Wanarekebisha kwanza ugandaji wa damu yake, kisha ataingia upasuaji.