Faili za Mau Mau zilizoko Uingereza: tuzidai zenyewe au nakala zinatosha?

Mjukuu wa Othaya: Wakoloni walipofungasha virago 1963 walibeba na makaratasi yetu. Serikali yao ikayaficha Hanslope Park, jengo lao la siri huko Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi yao ilipoyafichua 2011. Sasa yako Kew, kwenye hifadhi yao ya taifa. Mimi nataka zile zenyewe zirudi. Walioandikwa humo ni babu zetu.

Karani Mstaafu: Hizo ni masazo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza karatasi za kuiaibisha serikali yao zisiachwe nyuma. Nyingi zilichomwa. Nakala kamili zanitosha. Kwanza sheria yetu hufungua kumbukumbu zilizotimiza miaka 30, nani anaziulizia? Vijana mnapatana nje ya Archives, hifadhi yetu ya taifa pale Nairobi, kila Jumamosi, ndani hamuingii.

Dada wa Eastlands: Mzee, hapo umetuonea. Mtu wa kibarua ataacha mshahara wa siku akasome faili? Na kule Kew kusoma ni bure, viza je? Ziwekwe mtandaoni zote, tumalize.

Mjukuu wa Othaya: Tusichanganye mambo. Hii ni haki ya waliomwaga damu. Kuna watu wakati huo walikuwa barazani wanakunywa kahawa, ndiyo maana uchungu hawana.

Mwana wa Mvita: Barazani ni kwetu, kwa hivyo umenitaja. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikamatwa 1913, akapelekwa hadi Kisii, akatoroka akarudi Giriama. Hapo Mau Mau bado. Na kambi ya kizuizini ya Hola iko wapi, Nyeri? Iko Mto Tana. Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi wakafa, serikali ikatangaza kwamba ni maji waliyokunywa. Omba radhi kwanza.

Mjukuu wa Othaya: Mekatilili namheshimu. Lakini waliouawa Hola ni wafungwa wa Mau Mau. Msijipe maiti zetu.

Mwana wa Mvita: Maiti zenu! Haya, chukua.

Swali Tu: Ndugu zangu, faili zikifunguliwa zote, majina ya mahomgadi, wenzetu waliopigana upande wa wakoloni, nayo yatasomwa. Wajukuu wao tunaishi nao, wengine wana mashamba ya waliofungwa. Mmejiandaa?

Mjukuu wa Othaya: @Mwana wa Mvita, kuhusu kahawa sikuwataja watu wa pwani. Umejivika mwenyewe.

Dada wa Eastlands: Kaka, ulisema baraza. Nairobi nani ana baraza? Na mnasahau wazee walishinda kwa sababu ya hizo karatasi. Si walilipwa milioni ishirini hivi?

Karani Mstaafu: Pauni milioni 19.9, mwaka 2013, wazee 5,228, na gharama za kesi humo humo.

Mwana wa Mvita: Sisi hatujalipwa hata senti. Faili ninayoitaka ni ya Oktoba 1963, Kenyatta na Sultani wa Zanzibar walipokubaliana juu ya ukanda wa maili kumi wa pwani. Na daftari za hatimiliki za ardhi za 1908. Mtu analima shamba alilozikwa babu yake, anaitwa skwota, mkazi asiye na hati.

Mjukuu wa Othaya: Uskwota ulianzia kwetu, Bonde la Ufa.

Mwana wa Mvita: Hata uskwota mnataka uwe wenu?

Karani Mstaafu: Daftari za 1908 ziulizieni ofisi ya ardhi. Na yule aliyeuliza kuhusu mahomgadi hajajibiwa.