Mrejesho: Dada amepimwa moyo kwa dawa ya kuuchochea

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza kama kuna faida ya kuuchochea kwa dawa moyo wa dada yangu, ilhali tulishajua umedhoofika tangu ajifungue. Tumetoka Jinja hadi Kampala, amepimwa.

Walimlaza kwa ubavu wa kushoto, wakambandika waya za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kifuani na kumtundikia dripu ya dobutamini, ndiyo dawa yenyewe ya kuuchochea moyo. Walianza na kiasi kidogo, wakawa wanaongeza kila baada ya dakika chache huku presha ikipimwa na daktari akiutazama moyo kwenye skrini ya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Dada alisikia mapigo yanakwenda mbio na mikono ikatetemeka kidogo. Dawa ilipokatwa akatulia.

Sasa jibu la swali langu. Eko ya kawaida huonyesha moyo ukiwa umepumzika tu. Hii ya dawa huonyesha kama misuli ya moyo ina akiba ya nguvu. Akipumzika, moyo wake ulisukuma asilimia 30 ya damu iliyomo ndani yake kila pigo. Kwa dawa ukafika 42. Daktari alieleza kwamba wenye akiba hiyo kwa kawaida wana matumaini makubwa zaidi ya kupona kuliko ambao moyo hauitikii kabisa, ingawa si hakikisho.

Vidonge vinaendelea, wala asishike mimba nyingine kabla ya kuonana na daktari wa moyo. Hilo shemeji kalisikia kwa masikio yake, nimefurahi sana. Aliyenishauri tusiogope dripu, Mungu akubariki.