Zawadi ya pole (nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio) ya msimu kwenye langalanga, yaani Formula 1: irudishwe au ilikuwa pambo tu?

Fundi Spana
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera kila msimu wa langalanga ukiisha. Dereva anakuwa mwepesi kuliko wote Jumamosi kwenye mchujo wa kupanga nani aanze mbele, mwaka mzima, halafu ukiuliza kapata nini unaambiwa kapewa vitairi vya Pirelli vya kuweka kabatini. Wakongwe mnakumbuka FIA, wasimamizi wa mbio za magari duniani, walikuwa na kombe kabisa, lilianza 2014, anayechukua pole nyingi ndani ya msimu ndio anabeba. Likafa kimyakimya baada ya 2017, tangu 2018 ndio tuko na hivyo vitairi, kila mbio kimoja. Angalia Leclerc 2022, pole 9, Verstappen 7, ubingwa ukaenda kwa Verstappen na Leclerc akarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nasema kombe lirudi na liwe na hela ndani yake, maana Jumamosi hakuna cha mkakati wa piti wala sefti kaa (gari la usalama) kumbeba mtu, ni dereva, gari na mzunguko mmoja. Ndio maana 2014 Rosberg alimnyoosha Hamilton, mwenzake wa Mercedes, vizuri tu, pole 11 kwa 7. Karibuni, matusi hapana.

Mama Klachi
Ulianza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. Alimnyoosha wapi?? Monaco mwaka huohuo dakika za mwisho za mchujo Rosberg ndio anaongoza, akaenda kulitosa gari kwenye njia ya dharura pale kona ya Mirabeau, bendera ya njano ikatoka na Hamilton yuko nyuma anakuja kuboresha muda wake. Halafu akaanza kupiga rivasi! Na hiyo pole wewe unaihesabu? Jumapili ndio siku ya wanaume, Hamilton kashinda mbio 11, Rosberg 5. Kombe la Jumamosi kaa nalo.

Fundi Spana
Dada yangu mada ni kombe sio Rosberg. Ila kwa kuwa umeyataka, wasimamizi walimuita, wakaangalia data za gari, wakamuachia. Na hata ukimpa Hamilton hiyo moja inakuwa 10 kwa 8. Bado kanyooshwa.

mkongwe_86
Data haziongei kilicho kichwani mwa mtu. Schumacher 2006 pale pale Monaco, kona ya Rascasse, alipaki gari kama daladala inasubiri abiria, wakamnyang'anya pointi zote za msimu.

Tulia Kidogo
Mkongwe, pointi za msimu alinyang'anywa 1997 kwa kumgonga Villeneuve. 2006 walifuta muda wake wa mchujo akaanza nyuma ya wote, na bado alimaliza wa tano.

Turudi kwenye kombe. Hilo kombe lilitolewa misimu minne na yote minne limeenda Mercedes, Rosberg mara moja halafu Hamilton mara tatu. 2014 mbio zilikuwa 19, pole 18 za Mercedes, iliyobaki ya Massa kule Austria. 2015 hivyohivyo, 18 na moja ya Vettel Singapore. 2016 mbio 21, wao 20, Ricciardo kaambulia ya Monaco. Sasa hapo tulikuwa tunampa dereva zawadi au tunampa fundi aliyetengeneza ile injini ya haibridi? Kwenye pikipiki MotoGP wao tangu 2003 BMW wanatoa gari zima kwa aliyefanya vizuri kwenye michujo ya msimu, wanajumlisha alama za kila mchujo, sio kuhesabu wa kwanza peke yake. Hapo hata wa tano anapata kitu. Kama mnataka kurudisha, rudisheni kwa mfumo huo.

Mama Klachi
"Fundi aliyetengeneza injini." Mbona Hamilton akishinda ni gari, Verstappen 2023 akichukua pole 12 ni kipaji? Mnajijua.

Tulia Kidogo
Verstappen sijamtaja popote, soma tena.

mkongwe_86
MotoGP zawadi yenyewe kachukua Márquez mara saba mfululizo 2013 mpaka 2019, kwa hiyo huo mfumo wako umebadilisha nini mkuu?

Simba wa Nakuru
Nyinyi watu wa langalanga mnanishangaza. Monaco mizunguko 78 magari yanafuatana tu hakuna wa kumpita mwenzake, halafu mnapigana juu ya nani alianza mbele. Kujeni Naivasha muone kuendesha. Hapa kwetu Safari Rally iliporudi kwa ubingwa wa dunia 2021, baada ya miaka 19, Neuville alikuwa anaongoza mpaka Jumapili asubuhi, akafika hatua ya Loldia gari ikaumia nyuma, Ogier huyo akachukua. Na mwisho kuna Power Stage, hatua ya mwisho yenye pointi za ziada, pale Hell's Gate, mwenye kasi zaidi anapewa pointi 5 zikishuka mpaka 1 ya wa tano. Kasi inalipwa siku hiyo hiyo, hakuna maneno mingi.

Chuga Boy
Hapa kwetu, hapa kwetu. Wakenya bwana. Hiyo Safari ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima, magari yanatimua vumbi mpaka huku kwetu, na 1966 na 1967 alibeba Bert Shankland, dereva wa Tanzania, na Peugeot 404. Mkaikumbatia hadi leo mnaiita yenu.

Simba wa Nakuru
1966?? Buda hiyo hata babu yangu hakuwa na redio. Sisi tuko na Joginder Singh mara tatu, tuko na Shekhar Mehta mara tano, nne mfululizo 1979 mpaka 1982. Wewe lete hata mmoja wa baada ya hapo nikununulie chai.

Kampala Road
Mehta alizaliwa Uganda huku, muache kujisifia na mtoto wa wenyewe 😂

Chuga Boy
Umeonaaa. Na chai ya kwenu sinywi.

Simba wa Nakuru
Alizaliwa Uganda akakimbiza gari kwa bendera ya Kenya. Sasa Hamilton pia tumuulize alizaliwa wapi ndio tumpe kombe?

Mama Klachi
Hamilton usimuingize kwenye mambo yenu ya jirani.

DadaSpidi
Jamani nimesoma kuanzia juu mpaka nimesahau nilikuja kusoma nini. Mnabishana kombe wakati swali lenye uzito ni pointi, maana Formula E, zile mbio za magari ya umeme, aliyechukua pole anapewa pointi 3, IndyCar ya Marekani wanatoa 1, na wala dunia haijaanguka. Mimi nilikaa na kikokotoo leo mchana nikachukua msimu wa 2007. Mnaujua ulivyoisha, Räikkönen wa Ferrari 110, Hamilton 109, Alonso 109. Sasa mpe kila mmoja pointi moja kwa kila pole. Hamilton alikuwa nazo 6, anafika 115. Räikkönen 3, anafika 113. Alonso 2, yuko 111. Maana yake Hamilton anakuwa bingwa msimu wake wa kwanza kabisa kwenye langalanga, na Ferrari mpaka leo hawana bingwa tangu Schumacher 2004. Nikajaribu na 2008 ule wa pointi moja, Hamilton 98 Massa 97, pole 7 kwa 6, pale habadiliki mtu. Kwa hiyo kabla ya kusema pole ni pambo, jueni kapointi kamoja tu kanaweza kuhamisha ubingwa wa dunia.

Mama Klachi
🔥🔥🔥 Nilikuwa najua tu kwamba aliibiwa.

mkongwe_86
Hakuna aliyeibiwa. Alilizamisha mwenyewe gari kwenye kokoto za piti China. Na hizo pole sita ukizichunguza ya Hungary sio yake, mwenye muda mzuri alikuwa Alonso, akashushwa nafasi tano kwa kumzibia Hamilton kwenye piti.

DadaSpidi
Haya mrudishie Alonso. Hamilton 114, Räikkönen 113, Alonso 112. Jibu ni lilelile kaka.

mkongwe_86
Jibu ni kwamba kila mtu angeendesha tofauti kama pointi zingekuwepo. Miaka ile mtu alikuwa anaingia mchujo wa mwisho na mafuta ya kuanzia mbio, anarudishiwa tu ya mizunguko ya mchujo huo. Aliyebeba mengi anaonekana mzito Jumamosi wakati ana hesabu zake za Jumapili. Ungeweka pointi, wote wangeweka mafuta kiduchu na hesabu yako yote inakuwa hewa.

Fundi Spana
Sikusema pointi lakini. Nimesema kombe na hela.

Kitonga
Zawadi ya mchujo mbona ilishatolewa, Spa kule Ubelgiji 2021. Mvua, mbio zenyewe magari yamefuata sefti kaa mizunguko michache yakaambiwa rudini, matokeo yakawa kama walivyojipanga mbele mchujo wa Jumamosi. Russell na ile Williams akasimama jukwaani wa pili akabeba pointi 9 bila kumpita mtu. Mashabiki waliokaa kwenye tope siku nzima waulizeni kama walifurahia.

Tulia Kidogo
Lakini mzunguko ule wa Russell Jumamosi kwenye mvua, na gari lile, ulikuwa kazi ya dereva asilimia zote. Angezikosa hizo 9 kwa mfumo wa kawaida kwa sababu Jumapili kavu wangempita mmoja mmoja. Mimi ndio maana nakataa kuhesabu pole peke yake. Kipimo cha haki ni mwenzako wa timu, mna gari moja, tairi zilezile. Russell 2019 alimshinda Kubica michujo yote 21. Ishirini na moja! Na hakuwahi hata kunusa pole mwaka ule. Huyo kwenye kombe lenu anahesabika sifuri.

Chuga Boy
Kubica yule mwenye mkono mbovu? Unampa mtu zawadi kwa kumshinda mgonjwa?

Tulia Kidogo
Mkono uliumia ajali ya rali 2011, na FIA hawakumpa leseni ya huruma. Alipimwa akapita.

Simba wa Nakuru
Mmeona? Hata huyo wenu aliyemuweza ni rali.

Chuga Boy
Hicho nacho cha kujisifia kweli?

DadaSpidi
Tulia, mfumo wako una shimo moja. Mwaka huo Verstappen alikaa nusu msimu na Gasly, nusu na Albon. Unajumlishaje? Na mwenzako akipewa kipuri kipya kabla yako je, mbio hiyo inahesabiwa au inarukwa? Nani anaamua, FIA walewale wa Monaco?

Tulia Kidogo
Wanaojumlisha ni mashine, kila mchujo na mwenzako wa siku hiyo. Kipuri kipya timu zinatangaza, mbio hiyo ruka.

mkongwe_86
Timu zinatangaza wanachotaka kutangaza. Na dereva namba mbili siku zote kipuri "kimechelewa uwanja wa ndege".