Chenji ya yuza (kubadilisha matumizi ya ploti) Nairobi: kaunti ikinyamaza mjenzi kapata kibali, jirani akinyamaza kakubali

Wadau, karibu kila wiki kuna mtu anauliza jengo la ghorofa kumi na mbili limeruhusiwaje mtaani kwao, Kileleshwa, Kilimani au South C, na majibu ni yale yale: hongo, hongo, hongo. Sibishi kwamba hongo ipo. Lakini mkiishia hapo mnawarahisishia kazi. Faili la jengo kama hilo linaweza kuwa safi kabisa, mihuri yote imo, na likapita kwa sababu hesabu ya siku katika sheria imepangwa hivi: wote wakinyamaza, mwenye ploti ameshinda.

Tuanze na anayeamua, maana hapo ndipo watu hupoteza wiki mbili za kwanza. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, Na. 13 ya 2019, ombi la kubadilisha matumizi ya ploti huamuliwa na waziri wa kaunti anayesimamia mipango. Maafisa wake wa kiufundi wanakaa, wanapendekeza, yeye anaweka sahihi. Mwakilishi wadi hapigi kura juu ya ploti ya jirani yako. Bunge la kaunti hupitisha mipango na sera za eneo zima, basi. Kwa hiyo ule msafara wa kwenda kumwona mheshimiwa, chai, picha ya pamoja na ahadi ya kulifuatilia, ni siku zinazokatika bure. Akitaka kusaidia kweli, aandike pingamizi kama mwananchi mwingine yeyote, lenye tarehe.

Mwombaji upande wake hana papara. Anamwajiri mpangaji miji aliyesajiliwa, anaandikiwa ripoti ya kutetea mabadiliko, anaambatisha nakala ya hati, sachi ya karibuni (taarifa ya masjala ya ardhi kuhusu mwenye ploti), risiti za reti (ada ya ardhi inayolipwa kaunti), mchoro wa mahali na ramani ya upimaji. Anatoa tangazo gazetini na kusimika kibao kwenye ploti. Vyote vinapandishwa kwenye mfumo wa kaunti na ada inalipwa. Ndani ya siku saba kaunti inatakiwa kulisambaza ombi kwa taasisi zinazohusika: barabara, maji na majitaka, mazingira, upimaji, afya. Nazo zina siku kumi na nne za kutoa maoni. Zisipojibu, sheria inazichukulia kuwa hazina pingamizi.

Rudia kusoma hapo. Taasisi ambayo barua haijafunguliwa mezani kwake imeshakubali kwamba bomba la majitaka lililolazwa kwa ajili ya nyumba za familia moja moja litabeba fleti arobaini.

Kisha zinakuja siku sitini. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku sitini, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Kifungu cha 58. Ukitazama nia yake unaielewa: kuzuia afisa asilikalie faili mpaka apoze koo. Lakini kisu hiki kimenolewa upande mmoja. Jirani aliyepeleka pingamizi na asijibiwe kwa siku hizo hizo sitini hapati kitu. Hakuna mahali panaposema pingamizi lisilojibiwa limekubaliwa. Ukimya wa ofisi ile ile, kwa faili lile lile, kwa mmoja ni kibali na kwa mwingine ni ukimya tu. Hicho ndicho kinachonichemsha, kuliko bahasha zote mnazozisema.

Sasa hizo notisi. Gazetini tangazo linawekwa kwenye kurasa za matangazo madogo, herufi za kukodolea macho, na mahali ploti ilipo panaandikwa kwa namba ya L.R., yaani namba rasmi ya ploti, peke yake. Ni wangapi hapa wanaojua namba ya L.R. ya jirani wa ukuta wa pili? Kibao nacho kinasimikwa ndani ya geti, au nje lakini nyuma ya michongoma, kinapigwa picha ya kuweka kwenye faili, na kesho yake hakipo. Faili lina picha, kwa hiyo notisi ilitolewa. Dawa yake si kulalamika. Chama cha wakazi kinunue ramani ya upimaji ya mtaa kutoka idara ya upimaji kule Ruaraka, kiandike namba za ploti zote za barabara yenu kwenye karatasi moja, na mtu mmoja apewe kazi ya kupitia matangazo ya magazeti kila siku. Ni kazi ya dakika kumi. Ploti zilizokatwa kutoka shamba moja kwa kawaida namba zake zinafuatana, kwa hiyo hata hati yako mwenyewe inakupa pa kuanzia.

Ujanja mkubwa zaidi uko kwenye kuligawa jambo vipande viwili. Ombi la kwanza linasema tu: kutoka nyumba ya familia moja kwenda fleti. Hakuna urefu, hakuna idadi ya fleti, na linasomeka kama jambo dogo. Wakazi wanaona fleti nne tano hivi, si neno, wanaacha lipite. Baadaye inakuja michoro ya ujenzi kama ombi jingine, na hapo ndipo ghorofa zinapoota. Ukipiga kelele wakati huo unaambiwa suala la matumizi lilishaamuliwa, hapa tunaangalia nguzo na nondo. Na ploti moja ikishabadilishwa, ripoti ya mpangaji wa ploti inayofuata itakuwa na sentensi ileile: sura ya eneo imekwisha kubadilika. Anayeruhusu ya kwanza ameshaziruhusu zote za barabara hiyo. Hajajua tu.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu pingamizi bila namba ni kilio. Mwongozo wa kanda za Nairobi wa 2004 uliiweka Kileleshwa na Kilimani kwenye kanda ya 4. Penye bomba la majitaka: jengo lifunike asilimia 35 ya ploti, uwiano wa sakafu zote kwa ploti uwe asilimia 75, fleti zisizidi ghorofa nne. Pasipo na bomba: 25 na 25, na fleti hairuhusiwi. Chukua nusu eka, karibu mita za mraba 2,000. Asilimia 35 ni mita za mraba 700 ardhini. Asilimia 75 ni mita za mraba 1,500 kwa sakafu zote zikijumlishwa. Yaani ukitaka kufika ghorofa nne, kila moja iwe kama 375. Sasa jenga kumi na mbili za 700: ni 8,400, asilimia 420 ya ploti, zaidi ya mara tano ya kiwango. Pasipo na bomba, kiwango ni 500 tu, ambayo ni nyumba moja kubwa na ya mfanyakazi uani.

Mtaniambia mwongozo huo umezeeka na jiji linahitaji nyumba. Nakubali yote mawili. Nairobi haiwezi kuendelea kuweka familia moja kwenye nusu eka kilomita tano kutoka katikati ya mji. Lakini ukiongeza watu unaongeza bomba kwanza. Piga hesabu nyepesi: fleti 40, watu wanne kila moja, lita 100 kwa mtu kwa siku, ni lita 16,000 zinazoingia, na karibu zote zinatoka. Maji ya kaunti yakiwa ya zamu, wanachimba kisima. Bomba la majitaka likijaa, mfuniko wa barabarani unapumua, na anayekaa mteremkoni ndiye anayejua harufu yake.

Kwa hiyo pingamizi liandikwe hivi. Taja namba ya L.R. kama ilivyo kwenye tangazo, jina la gazeti na tarehe. Jitambulishe wewe ni nani kwa ploti hiyo: unapakana nayo, uko ng'ambo ya barabara, unatumia bomba hilo hilo. Acha maneno kama mtaa utaharibika au watu wasiojulikana watakuja, hayo yanatupwa. Andika upana wa barabara uliopimwa kwa futi kamba, ukuta hadi ukuta. Andika siku za mgao wa maji. Weka picha za mfuniko uliofurika, zenye tarehe. Andika magari yataegeshwa wapi. Halafu weka sentensi ambayo karibu kila mtu huisahau: naomba nijulishwe uamuzi kwa maandishi siku utakapotolewa, pamoja na nakala ya masharti.

Sentensi hiyo ni muhimu kwa sababu rufaa ina siku kumi na nne tu, na zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Rufaa inakwenda kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo inapaswa kuamua ndani ya siku kumi na nne nyingine. Ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kudai nakala ya uamuzi, ofisi ina siku ishirini na moja za kukujibu. Kumi na nne na ishirini na moja! Hata afisa mwaminifu akikujibu siku ya mwisho aliyoruhusiwa, muda wako wa rufaa ulishazikwa wiki moja nyuma. Aliyeandika hizi sheria mbili hakuzisoma pamoja, au alizisoma vizuri sana.

Msikimbilie mahakamani kwanza. Mahakama ya Mazingira na Ardhi itauliza kama mlipitia kamati, na kama hamkupitia mtarudishwa, mmeshamlipa wakili. Hata kama kamati haikai, au hakuna anayejua sajili yake iko chumba gani, wasilisha rufaa kwa maandishi upate ushahidi kwamba uligonga mlango. Hapo mahakama ina cha kushika.

Na adhabu ya anayejenga bila kibali chochote? Faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kwa jengo la fleti arobaini hiyo ni bei ya vigae vya ngazi.

NYONGEZA, baada ya maswali yenu:

Aliyeuliza kuhusu leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira: ni njia nyingine kabisa, msizichanganye. Leseni ya mazingira inapingwa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (NET), linaloamua kesi kama mahakama, na huko mna siku sitini. Mara nyingi mtaa uliokosa siku kumi na nne za kaunti bado una nafasi huku. Someni ripoti ya athari, hasa kurasa za maoni ya wakazi. Mkikuta majina ya majirani ambao hawakuwahi kuulizwa, kila mmoja aape hati ya kiapo yake.

Aliyesema ploti ya jirani ni ya lisi, yaani imekodishwa kwa muda maalumu: vizuri, pekueni masharti maalumu ya hati hiyo. Lisi nyingi za zamani zimeandikwa nyumba moja ya kuishi. Kibali cha kaunti peke yake hakiyafuti maneno hayo. Mwenye ploti anatakiwa kurudisha hati, apewe lisi mpya yenye matumizi mapya na kodi mpya ya ardhi. Wapo wanaoanza kuchimba msingi kabla ya hatua hiyo. Hapo mna hoja.

Aliyeuliza kama sahihi mia mbili kwenye karatasi moja zina nguvu: zinahesabiwa kama pingamizi moja lenye fujo. Afadhali barua kumi tofauti, kila moja na kero yake iliyopimwa.

Na aliyeuliza kama barua pepe inatosha: tuma, lakini peleka na karatasi. Nakala mbili, moja ibaki masjala, nyingine igongwe muhuri mbele yako, uandike pembeni jina la aliyepokea na saa. Akisema muhuri haupo, kaa kwenye benchi mpaka upatikane.