Naomba ushauri: kupima dawa inavyopenya kwenye ngozi bila kuchoma wala kubandua

Habari zenu wakuu. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu jeli ya ketoprofeni (dawa ya maumivu ya kupaka), na nimekwama.

Mwanzo nilitumia njia ya utepe wa gundi: unabandika, unabandua, unapima dawa iliyonata. Inafanya kazi, lakini kila utepe unang'oa seli za juu, kwa hiyo sehemu ileile huwezi kuirudia baada ya saa moja. Ndiyo maana nimehamia kwenye spektroskopia ya Raman (unamulika leza, kisha unatambua kemikali kwa mwanga unaorudi) yenye darubini ya konfoka, inayosoma kina kimoja kwa wakati, leza ya nanomita 785. Mhusika analaza mkono tu, mashine inasoma kina baada ya kina.

Shida sasa. Kwenye grafu ya mwanga huo, kilele kikubwa cha dawa kiko karibu na 1,655 cm⁻¹, palepale penye protini za ngozi (bahati yangu hiyo). Halafu mawimbi yanafifia kadiri ninavyoshuka, mpaka sijui kama dawa imepungua kweli au ni mwanga tu umetawanyika. Tabaka lenyewe la juu mkononi halizidi sana mikromita 20, kwa hiyo kosa la mikromita 3 linaniharibia grafu nzima.

Nimefikiria kugawa kilele cha dawa kwa kilele cha fenilalanini (asidi amino iliyomo kwenye protini za ngozi), 1,003 cm⁻¹, kama kipimo cha ndani. Kuna aliyejaribu? Na jeli inayobaki juu ya ngozi mnaifuta vipi bila kuisukuma ndani? Mimi natumia pamba kavu, ila siiamini.