Mnaotengeneza programu za slaidi, mmewahi kusimama mbele za watu kweli?

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa bado na hasira za juzi Jumamosi, kwa hiyo anayetaka lugha laini apite tu.

Mimi ni fundi mitambo. Nakodisha spika, maiki na projekta, nakaa nyuma ya ukumbi na laptopu yangu, watoa mada wananiletea fleshi. Mwaka wa tisa huu. Juzi nilikuwa kwenye semina ya vyama vya akiba na mikopo hapa Morogoro, watu kama 200, mgeni rasmi kafika, itifaki imezingatiwa. Mtoa mada wa pili alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, kajiandaa kuliko vijana wote niliowahi kuwahudumia. Slaidi 14 tu, maandishi makubwa, na chini ya kila slaidi kajiandikia vijimaelezo vya kumkumbusha, vile ambavyo watazamaji hawatakiwi kuviona.

Kaanza vizuri. Slaidi ya sita, mpiga picha kakanyaga waya wa HDMI. Projekta ikapoteza picha kama sekunde moja, ikarudi. Iliporudi, programu ilikuwa imebadilisha skrini: slaidi safi iko kwangu kwenye laptopu, ukutani yapo maelezo ya mama. Ukumbi mzima ukasoma: "HAPA TULIA. WATAZAME MEZA KUU. KISHA KICHEKESHO CHA MBUZI."

Mama kaipa skrini mgongo, hajui lolote. Akatulia. Akawatazama meza kuu. Watu wakaangua kicheko kabla mbuzi hajatajwa.

Nikabonyeza B, maana PowerPoint ukibonyeza B wakati wa onyesho skrini inakuwa nyeusi. Hii niliyokuwa natumia (siyo PowerPoint, na jina sitaji) haikushtuka hata kidogo. Nikabonyeza Esc, ikatoka kwenye onyesho na kuanika jiko zima: vitufe, menyu, na mchirizi mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili kana kwamba mama kaandika matusi. Hapo hapo pembeni likachomoza dirisha: toleo jipya lipo tayari, tuwashe upya sasa? Sasa! Mgeni rasmi anatazama!

Mama akamalizia mada bila slaidi. Asubuhi nilimpa shikamoo kwa furaha, jioni nashindwa kumtazama usoni. Waandaaji wakanikata 50,000.

Najua kuna atakayesema kosa ni la waya. Sawa, waya ningeubandika sakafuni, hilo nimelikubali na nimelilipia. Lakini waya kulegea ukumbini ni jambo la kila wiki. Aliyeandika programu ya kuonyesha mbele za watu bila kujiuliza "skrini ikipotea katikati ya maonyesho nifanye nini" alikuwa anaandika kwa ajili ya nani? Jibu lenyewe si gumu: picha ikikatika, subiri. Ikirudi, rudisha slaidi ile ile kwenye skrini ile ile. Ukishindwa kujua ipi ni ipi, weka nyeusi uniulize mimi. Maelezo ya msemaji yasiende kwenye projekta mpaka mtu ayapeleke kwa mkono wake. Basi!

Tatizo ni kwamba hizi programu zinatengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa mezani anapamba. PowerPoint yenyewe ilipotoka 1987, kwenye Macintosh, kazi yake ilikuwa kuandaa kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapisha kwenye karatasi angavu za projekta za zamani. Mtu anamaliza kazi ofisini, ukumbini anabeba karatasi zake, na karatasi haimwombi nywila. Leo onyesho lenyewe linaendeshwa na programu, lakini akili ya wabunifu bado iko ofisini. Kila toleo jipya wanatuletea namna mpya za slaidi kuruka, kuzunguka na kuyeyuka. Nani aliwaomba?

Fonti nazo. Mtu kaandaa kwake kwa fonti ya mapambo, kwangu haipo, programu inaibadilisha kimyakimya, mstari wa mwisho unaishia nje ya slaidi. Niambie mapema basi, wakati nafungua faili, siyo niambiwe na watu wa safu ya mbele! Na ile ya kutaka intaneti ili ihakikishe kama nimelipia, niko kwenye ukumbi wa bati, bando linasuasua, MC keshamtaja msemaji.

Msiniambie nigeuze kila kitu kuwa PDF. Nageuza, fonti zinatulia, lakini video inakufa na msemaji anakosa maelezo yake.

Hao wenye programu nimewaandikia. Wamejibu: futa, pakua upya.

Kama kuna mdau humu anayetengeneza vitu hivi, namwomba siku moja tu aje akae na mimi nyuma ya ukumbi. Chakula juu yangu. Jumamosi hii niko Kilosa, watoa mada watano, na wote nimewaambia maelezo yao waje nayo kwenye karatasi. Selotepu nyeusi nimenunua roli mbili.